Ukifika geti la Lodoare, shuka ufunge hab

Lami ya kutoka Karatu inaishia geti la Lodoare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro. Hapo mimi hushuka, hata kama mvua inanyesha na wageni wana hamu ya kuiona kreta, nikainama kwenye tairi za mbele na kuzungusha hab zote mbili, vile vifungio vya katikati ya tairi vinavyoiunganisha na ekseli, mpaka zifunge. Land Cruiser ninayoendesha ni ile ya kufunga kwa mkono. Usipofunga hab, utavuta ule mkono mfupi wa gia, wa kuingiza tairi zote nne, mpaka jioni na tairi za mbele hazitapata nguvu. Ukifunga moja ukasahau nyingine, ni yale yale, kwa sababu difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi mbili, hupeleka mzunguko upande ulio mwepesi. Nimewakuta wenzangu Ndutu, mwezi wa Februari, wamezama kwenye udongo mweusi, wanachimba kwa majembe, kumbe hab moja iko wazi.

Ingiza H4, yaani tairi zote nne kwa mwendo wa kawaida, kabla ya tope. Ukishanasa, umechelewa. L4, yaani tairi zote nne kwa gia nzito ya polepole, ni ya kushuka kreta au kujinasua: simamisha gari, kanyaga klachi, ndipo uingize, kisha iache injini ishike gari badala ya kuchoma breki.

Sasa lami. Gari likipinda kona, tairi za mbele husafiri njia ndefu kuliko za nyuma. Ukiwa kwenye H4, propela ya mbele na ya nyuma, zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu, zimefungwa pamoja, zinazunguka sawasawa. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na tofauti ile inaisha. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, inabaki inakaza vyuma. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau kutoa H4, nikashuka hivyo hadi Mto wa Mbu. Usukani ulikuwa mzito, tairi zinalia, na mkono wa gia ukagoma kabisa. Mzee mmoja fundi akaniambia nitoke pembeni kwenye vumbi, nirudi nyuma moja kwa moja mita chache. Mkono ukaachia wenyewe. Tairi mpya nyuma na zilizoisha mbele huleta shida hiyo hiyo, kwa hiyo nunua zote nne pamoja.

Kila mwezi, hata kiangazi, endesha kilomita chache za vumbi ukiwa H4 ili oili ifike kila pembe ya difu ya mbele. Krosi za propela, yale maungio yake yanayojipinda, zipige grisi, hasa baada ya maji.

Na maji ndiyo adui ninayemwogopa kuliko tope. Difu iliyopata moto ikizama mtoni hupoa ghafla na kuvuta hewa ndani; kama kipumulio, kile kitundu cha hewa kilicho juu ya ekseli, kimeziba, itavuta maji kupitia sili, zile pete za kuzuia oili isivuje. Safisha kipumulio hicho. Ukishavuka maji marefu, kagua oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo, usisubiri sevisi.

Wakati wa kumwaga, legeza kwanza nati ya juu ya kujazia. Kijana mmoja gereji alianza na ya chini, oili yote ikatoka, kisha ya juu ikagoma kufunguka, na gari likalala pale siku mbili. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya nati usikutishe. Ukiona vipande, mwite fundi afungue difu.