Bastola ya Kwanza ya .22: Mwongozo kwa Ndugu Zetu Walioko Ughaibuni

Bastola ya kwanza ya mtu anayejifunza iwe ya kaliba (kipenyo cha risasi) ya .22, iwe nzito, na mtutu wake uwe mrefu kuliko vile moyo wake unavyotaka. Ndugu wengi niliowaona wakinunua bila kuuliza walifanya kinyume. Walichukua kibastola chepesi cha kuingia mkobani, wakaenda nacho uwanjani mara mbili tatu, wakakosa shabaha kila mara, kisha wakakifungia kabatini wakiamini hawana kipaji. Kipaji wanacho, ila walianza na chombo kigumu kuliko vyote.

Naandika nikiwa Moshi, nilikorudi baada ya miaka ya kuishi Texas. Huko nilikuwa nafundisha watu wapya kulenga shabaha, wengi wao Watanzania na Wakenya waliokuwa wakifanya kazi hospitalini, kwenye malori na kwenye maghala. Hapa nyumbani sina bastola wala sitafuti. Lakini simu za wapwa na watoto wa marafiki bado zinaingia, na kwa kuwa maswali yao yanafanana, nayajibu hapa.

Karatasi kwanza

Kabla ya kufikiria bei, angalia hadhi yako ya uhamiaji. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kumiliki au hata kushika silaha ya moto. Kuna misamaha michache. Unaojulikana zaidi ni wa mtu mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa huko Marekani. Usijiamulie mwenyewe kuwa msamaha huo unakuhusu. Muulize mwanasheria wa uhamiaji. Kukodi bastola uwanjani kwa nusu saa nako ni kushika silaha, hata kama rafiki zako wote wanafanya hivyo na hakuna aliyewauliza kitu. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 15, na kwa mgeni kesi ya silaha inaweza pia kuishia kwenye kurudishwa kwao.

Mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), wakiwemo waliopata kwa bahati nasibu ya DV, anaweza kununua mradi hana kizuizi kingine. Dukani atajaza fomu namba 4473, ataonyesha kitambulisho cha jimbo analoishi, na rekodi zake zitachunguzwa. Kwa kawaida umri wa kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21.

Undugu wetu nao una mtego wake. Binamu yako aliyeko kwa viza ya masomo atakwambia, "Kaka, nichukulie kwa jina lako, hela nakutumia sasa hivi." Kataa, na kataa mapema. Fomu ile inakuuliza waziwazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na ukidanganya hapo umetenda kosa kubwa la jinai, hata kama binamu mwenyewe ni mtu mwema asiyemdhuru yeyote.

Majimbo nayo yana sheria zao juu ya hizo. New York wanataka kibali kabla ya bastola yoyote. Illinois wana kadi ya FOID, yaani kadi ya mmiliki wa silaha, California wana mtihani wa usalama na orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa, na Texas mambo ni mepesi zaidi. Ukihama jimbo, soma upya kabla ya kufunga mizigo.

Mlioko Uingereza, habari yenu ni fupi: baada ya mauaji ya watoto shuleni Dunblane, Scotland, mwaka 1996, bastola zilipigwa marufuku England, Wales na Scotland, na .22 haikusalimika. Jifunzeni kwa bastola ya upepo kwenye klabu. Umbali wa mita 10 kwa bastola ya upepo ni mchezo wa Olimpiki, na mkono unaofunzwa hapo unafunzwa vizuri sana. Scotland hata hiyo inahitaji cheti. Kanada ilisimamisha uuzaji wa bastola kwa watu binafsi Oktoba 2022. Ujerumani utatakiwa kwanza kuwa mwanachama wa klabu anayefanya mazoezi kwa angalau miezi 12.

Kwa nini .22, na kwa nini nzito

Risasi ya .22 Long Rifle ipo tangu mwaka 1887. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi, wakati cha 9 mm, kaliba kubwa zaidi, kinaanzia kama gramu 7.5. Bastola hairuki sana mkononi, na bei ya risasi moja ni sehemu ndogo tu ya ile ya 9 mm. Mtu mpya anahitaji kupiga risasi nyingi bila kuogopa, na hilo ndilo analolipata hapa. Adui mkubwa wa mwanafunzi ni kushtuka: anajua mlio unakuja, kwa hiyo anasukuma mkono chini sekunde ileile anayobana kifyatulio. Aliyeanza na bastola kali hulibeba tatizo hilo kwa miaka.

Mpwa wangu ni muuguzi Dallas. Siku moja alinipigia simu ya video akiwa dukani, ameshika kibastola kidogo cha .22 kinachofunikwa na kiganja. "Mjomba, hii si ndiyo saizi yangu?" Nikamwambia, "Mama, hiyo ni saizi ya mtu aliyekwisha kujua." Nilimweleza hivi. Kwenye mtutu mfupi, alama ya mbele na ya nyuma za kulengea zinakaribiana, hivyo kosa dogo la jicho linageuka kosa kubwa kwenye karatasi. Bastola nyepesi inatikisika na kila pumzi. Kifyatulio cha vibastola vya aina hiyo mara nyingi ni kizito na kirefu, na kidole kikihangaika kukivuta kinaupeleka mtutu kando. Mpini nao ni mfupi, kidole cha mwisho kinabaki hewani.

Alikwenda uwanja wa shabaha wenye bastola za kukodisha, akajaribu kadhaa. Hivyo ndivyo ninavyomshauri kila mtu mwenye karatasi safi: lipa saa moja ya mwalimu na ukodi tatu au nne kabla ya kununua. Ukiwa nayo mkononi, angalia kama kidole cha shahada kinafika kwenye kifyatulio kwa sehemu ya mbele ya kidole bila kuzungusha mpini. Angalia kama unaweza kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, ile inayoteleza, hadi mwisho bila kuelekeza mtutu kwa jirani. Kisha jaza magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, mwenyewe. Hapo ndipo mpwa wangu alipokwama, kwa sababu ya kucha zake ndefu za saluni. Magazini nyingi za .22 zina kitufe kidogo pembeni cha kushusha kwa dole gumba huku ukiingiza risasi, na kitufe kile kinaumiza. Fundi wa uwanjani alimpa kifaa cha plastiki cha kusukumia, cha dola chache, tatizo likaisha. Ukishusha kitufe hadi chini kabisa, risasi hulala ovyo, ukingo wa moja ukanasa nyuma ya ukingo wa nyingine, na bastola itakwama. Shusha kidogo, ingiza moja, shusha tena.

Zipi hasa

Ruger Mark IV ndiyo ninayoitaja kwanza. Imetoka kwenye ukoo wa bastola iliyoianzisha kampuni ile mwaka 1949. Matoleo ya zamani yaliwatesa watu wakati wa kusafisha, lakini Mark IV, iliyotoka 2016, inafunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja nyuma. Lile toleo la mtutu mnene wa inchi 5.5 lina uzito wa kilo 1 na zaidi, na ndilo lililomtuliza mpwa wangu: matundu yake yalianza kukusanyika mahali pamoja siku hiyohiyo. Mwenye kiwiko au bega bovu achukue 22/45 Lite, ambayo ni nyepesi zaidi. Ukinunua Mark IV iliyotumika, hakikisha namba yake kwa kampuni, maana zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 ziliitwa zirudishwe kurekebishwa sehemu ya usalama.

Browning Buck Mark na Smith & Wesson SW22 Victory ziko daraja hilohilo, na mkono wako ndio uamue. Mtu ambaye tayari anajua baadaye atahamia 9 mm anaweza kufikiria Taurus TX22 au Glock 44, zenye umbo la bastola kubwa za siku hizi. Glock 44 ni nyepesi mno kwa mwanzo, kwa maoni yangu. TX22 ya kawaida inabeba risasi 16, hivyo kwenye majimbo yanayoweka kikomo cha 10 kama California na New Jersey uliza toleo lao.

Kwa mwenye bajeti ndogo kuna rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi sita kama Ruger Wrangler, ambayo kila mlio unaivuta nyundo kwa dole gumba kwanza. Inamfundisha mtu kutokimbilia, na haisumbui na magazini. Kujaza na kutoa maganda moja moja kunachosha, lakini kwa mtu mwenye papara uchovu huo unafaa.

Risasi, na zile zinazokataa kulia

Kwenye .22 baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini inagonga ukingo huo. Teknolojia hii ni ya bei rahisi, na ndiyo maana mara mojamoja risasi inagongwa na hailii. Usiigeuze bastola kuitazama. Iache ielekee kwenye shabaha kwa nusu dakika nzima, kwa sababu inaweza kuchelewa kuwaka, kisha itoe na kuiweka kwenye chombo cha risasi mbovu pale uwanjani. Na ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, simama kabisa. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua.

Nunua boksi dogo la aina tatu au nne kabla ya kubeba ndoo ya mamia. Kila .22 ina risasi inayoipenda. CCI Mini-Mag zimenifaa kwenye bastola nyingi zinazojipakia zenyewe.

Vaa kinga ya masikio na miwani, maana bastola ya .22 inaweza kudhuru masikio japo mlio wake unaonekana mdogo. Risasi yake inaweza kusafiri karibu kilomita 2, kwa hiyo hakuna kupiga makopo nyuma ya nyumba isipokuwa kuna kingo ya udongo ya uhakika. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi alama ziwe juu ya shabaha. Ukimaliza nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, kwa sababu ya madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na nguo za uwanjani zisikae na nguo za mtoto. Mjamzito asubiri.

Nyumbani kwako, na safarini

Nyumba zetu huko ughaibuni hupokea wageni, na mipango ya Wamarekani wanaoishi wawili tu haitutoshi. Bibi anakuja kutoka Machame kulea mjukuu, anakaa miezi sita, na kwa nia njema kabisa anapanga upya kabati zote. Nimeona kisanduku cha viatu chenye bastola kikihamishiwa chumba cha watoto na mama mkwe ambaye hakuwa na habari. Nunua kisanduku cha chuma chenye kufuli, kifungwe kwenye ukuta au sakafu, risasi zikae sehemu nyingine yenye kufuli lake. Mwambie bibi kwa heshima: "Mama, hapa pana silaha, naomba pasiguswe." Kama kuna mtu nyumbani anapitia kipindi kizito cha moyo, bastola itoke kabisa ndani ya nyumba hadi hali itulie.

Usifikirie kuja nayo Tanzania. Silaha na risasi hapa zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na bila kibali hakuna kuingiza hata moja. Hatari ninayoiona zaidi ni ya begi. Risasi ya .22 ina urefu wa milimita 25 tu na ni nyembamba. Inapenya kwenye mshono wa mfuko na kukaa humo mwaka mzima. Anayetumia begi moja kwa uwanjani na kwa safari anaweza kuikuta kwenye mashine ya ukaguzi Doha, Addis Ababa au hapa uwanja wa ndege wa KIA, mbele ya askari, huku wazazi wakimsubiri nje. Kuwa na mfuko wa uwanjani wa rangi tofauti usiotumika kwa kazi nyingine. Siku ya kufunga mizigo geuza mifuko ya jaketi zote ulizowahi kuvaa uwanjani, zitikise juu ya shuka jeupe, na maganda matupu mliyowawekea watoto kama kumbukumbu yabaki hukohuko.