Tozo ya ofisi na tozo ya malipo: zipe kila moja kasma yake

Mwaka wangu wa kwanza kushika hesabu za kampuni ndogo inayouza umeme Uingereza, nilifungua kasma moja tu ya tozo za umeme safi. Mwaka 2022 ikanigharimu. Bei ya soko ilipaa, tozo ya kuwalipa wazalishaji ikashuka hadi sifuri, nami nikafuta kasma nzima. Ankara za tozo ya ofisi inayosimamia malipo hayo hazikukoma. Zilikuwa ndogo lakini halali, na sikuwa nimezitengea hata peni.

Kwa hiyo anza kwa kutenganisha. Low Carbon Contracts Company, kampuni ya serikali iliyoanzishwa 2014, husimamia mikataba ya tofauti ya bei. Soko likishuka chini ya bei ya mkataba, mzalishaji hujaziwa pengo. Likipanda juu yake, hurudisha ziada. Tozo ya kulipia pengo hilo ndiyo fungu la kwanza, na kiwango chake hupangwa kila robo mwaka. Fungu la pili ni la kuendesha ofisi yenyewe: mishahara, wanasheria, mifumo ya kompyuta. Hili huwekwa kwa kanuni zinazopitishwa na Bunge, na mwaka wake ni Aprili hadi Machi. Soko lipande lishuke, halitikisiki.

Ukadiriaji wake ni mwepesi. Tuchukulie bajeti ya ofisi ni pauni milioni 20 na nchi itatumia megawati-saa milioni 250. Gawanya, utapata peni 8 kwa kila megawati-saa. Kampuni yako ikiuza 30,000, tenga pauni 2,400, kisha ongeza kidogo kwa umeme unaopotea kwenye nyaya, maana hesabu haiishii kwenye mita ya mteja.

Soko la uwezo wa umeme, yaani mpango wa kuwalipa wenye mitambo wawe tayari kutoa umeme unapohitajika, lina ofisi yake, Electricity Settlements Company, na kipimo chake ni kingine: mgao wako wa matumizi siku za kazi, saa 10 hadi saa 1 jioni, Novemba hadi Februari. Ukiwa na wateja wengi wa majumbani, utalipa zaidi ya unavyodhani.

Rasimu ya bajeti ya ofisi hizi hutolewa kwa maoni kabla ya kufika bungeni. Naomba sana uisome na ujibu. Mimi hukaa na mstari wa mishahara na ule wa wanasheria, nikiulizia kila ongezeko lisiloelezwa, kwa sababu mwisho wa yote anayelipa ni mwenye nyumba kupitia bili yake.

Mwaka ukifungwa, kilichokusanywa kupita kiasi hurejeshwa kwa wauzaji. Kiingize kwenye kasma ileile kilikotoka.