Kumwandika babu mwanajeshi mwenye asili ya Italia: nyaraka za kutafuta na namna ya kuzisoma

Familia nyingi za Marekani zenye asili ya Italia zina babu wa aina hii. Wazazi wake walitoka kijiji fulani cha Campania, Calabria au Sicilia, yeye akazaliwa Brooklyn, Providence au Philadelphia, miaka ya 1940 akaitwa jeshini, akarudi, akalea watoto, na habari za vita hakupenda kuzisimulia. Akishafariki hubaki picha moja ya sare, medali chache ndani ya droo, na hadithi ambazo kila shangazi na kila mjomba anazo kwa namna yake. Mwongozo huu ni wa mjukuu anayetaka kumkumbuka kwa maandishi yenye uhakika: alikuwa wapi, tarehe gani, katika kikosi kipi, na watu wake walitoka wapi hasa.

Usianze na wasifu. Anza na daftari lenye safu mbili: upande mmoja yanayosemwa na ndugu, upande wa pili yanayothibitishwa na karatasi. Hadithi ya familia isitupwe hata ikipingana na karatasi. Iandike pamoja na jina la aliyeisimulia na tarehe aliyoisimulia. Wazee wahojiwe kabla ya barua yoyote kutumwa, maana nyaraka zinaweza kusubiri na wao hawawezi. Waoneshe picha. Ukiuliza "babu alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa kwa neno moja, lakini "ni nani huyu aliyesimama nyuma yake?" huweza kufungua mchana mzima.

Hati ya kuachishwa jeshi

Hii ndiyo karatasi ya kwanza kutafutwa. Kwa askari wa jeshi la nchi kavu aliyetoka mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia huwa ni fomu WD AGO 53-55, na kwa maofisa ni 53-98. Fomu ya kuachishwa iitwayo DD-214, ambayo watu wengi huitaja, ilianza kutumika mwaka 1950, hivyo usihangaike kuitafuta kwenye sanduku la mtu aliyerudi nyumbani mwaka 1945. Ikikosekana nyumbani, uliza mahakama au ofisi ya kumbukumbu ya kaunti aliyorudi kuishi. Askari wengi waliiandikisha hati yao huko mara tu waliporudi, na nakala hizo za kaunti haziguswi na janga la St. Louis litakaloelezwa hapa chini.

Visanduku vya kusoma kwa makini kwenye 53-55 ni hivi. Cha 2 kina namba yake ya jeshi. Namba inayoanza na 1 kwa kawaida ni ya aliyejiunga kwa hiari, 2 ni ya aliyeingia kupitia National Guard (jeshi la akiba la majimbo), na 3 ni ya aliyeitwa kwa sheria. Tarakimu ya pili huonesha eneo alikoingilia: 32, kwa mfano, ni New York, New Jersey na Delaware. Jambo hili lina faida kubwa kwa familia hizi, kwa sababu majina kama Antonio Russo au Joseph Esposito yanajaa kurasa nzima, na namba ndiyo inayowatenganisha. Kisanduku cha 30 kinataja kazi yake jeshini pamoja na namba ya kazi (745 ni askari wa bunduki), cha 32 kampeni alizohesabiwa, cha 34 majeraha ya vitani, na cha 36 tarehe za kuondoka Marekani, kufika ng'ambo na kurudi.

Kisanduku cha 6, kinachotaja kikosi, ndicho kinachopotosha watafiti wengi kuliko vyote. Mwaka 1945 askari walirudishwa nyumbani kwa kuhesabiwa pointi, na wenye pointi nyingi walihamishiwa vikosi vilivyokuwa tayari kuondoka. Kwa hiyo kikosi kilichoandikwa hapo mara nyingi ni kile alichopanda nacho meli ya kurudi, wala si kile alichopigana nacho. Mjukuu akikichukua kama kilivyo, ataandika historia ya vita vya watu wengine.

Kampeni nazo zisomwe kwa tahadhari. "Rome-Arno" ilihesabiwa kuanzia 22 Januari hadi 9 Septemba 1944, na ilitolewa kwa vikosi vyote vilivyokuwa katika eneo hilo. Mpishi aliyekuwa maili nyingi nyuma ya mapigano aliipata sawa na askari aliyeteremka ufukweni Anzio. Andika "alihudumu katika kampeni ya Rome-Arno", na usiandike "alipigana Anzio" mpaka upate karatasi inayosema hivyo.

Faili la St. Louis na moto wa 1973

Mafaili ya wanajeshi yanahifadhiwa National Personnel Records Center, St. Louis, Missouri. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kiasi cha asilimia 80 ya mafaili ya jeshi la nchi kavu ya waliotoka kati ya 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960 kilipotea, na hapakuwa na nakala. Mafaili ya jeshi la majini na ya Marines (askari wa majini wanaopigana nchi kavu) hayakuguswa, kwa hiyo babu aliyekuwa baharia ana nafasi nzuri ya kuwa na faili zima.

Ombi hutumwa kwa fomu SF-180 au kwa mtandao. Jaza jina kamili kama lilivyotumika jeshini, namba ya jeshi, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na miaka ya kuingia na kutoka. Ikiwa imepita miaka 62 tangu aachishwe, faili ni la umma na yeyote anaweza kuomba. Ada ni dola 25 kwa faili lenye kurasa zisizozidi 5, na dola 70 kwa lenye kurasa 6 au zaidi. Ikiwa miaka hiyo 62 haijatimia, mjukuu hahesabiwi kuwa ndugu wa karibu kisheria. Wanaoruhusiwa ni mjane au mgane ambaye hajaoa wala kuolewa tena, mzazi, mtoto, kaka au dada. Mwombe mama yako au mjomba wako atie sahihi.

Jibu likija kwamba faili liliungua, usiishie hapo. Omba hati ya malipo ya mwisho, ambayo hutaja namba yake na tarehe na mahali alipoachishwa. Kisha tafuta taarifa za kila asubuhi zilizoandikwa na kila kombania. Hizi ni hazina, ila zina masharti mawili. La kwanza, ni lazima ujue kikosi hadi ngazi ya kombania. Kujua divisheni peke yake hakutoshi, kwani divisheni moja ya askari wa miguu ilikuwa na watu zaidi ya elfu kumi na nne. La pili, taarifa zilirekodi mabadiliko tu: aliyefika, aliyejeruhiwa, aliyepelekwa hospitali, aliyepandishwa cheo. Askari aliyekuwa kazini kila siku bila tukio lolote anaweza asitajwe kwa miezi kadhaa. Ukimwona ameingia tarehe fulani na ametoka tarehe fulani, siku zote za katikati ni zake.

Kombania ikiwa haijulikani, itafute kwenye bahasha. Anwani ya mtumaji kwenye barua za vita huwa na kombania, rejimenti na namba ya APO (posta ya jeshi), na muhuri una tarehe. Barua tano zenye bahasha zake zinaweza kukupa yale ambayo moto ulichukua. Ndiyo maana bahasha isitenganishwe na barua yake, wala stempu isikatwe.

Wazazi wake walikuwa na uraia gani?

Ukurasa huu familia nyingi huuruka, nami nadhani ndio unaostahili nafasi kubwa zaidi. Marekani ilipoingia vitani na Italia mnamo Desemba 1941, Waitalia wapatao 600,000 waliokuwa hawajachukua uraia walihesabiwa kuwa wageni wa nchi adui. Walitakiwa kubeba kitambulisho maalumu na kukabidhi redio za masafa mafupi na kamera. Kwenye pwani ya California maelfu walihamishwa makwao. Hali hiyo ilitangazwa kuondolewa tarehe 12 Oktoba 1942. Kuna vijana walioshika bunduki za Marekani huku mama zao wakiwa wameorodheshwa kuwa adui.

Kujua kama hayo yalimpata mama wa babu yako, angalia sensa ya 1920, 1930 na 1940. Kwenye safu ya uraia "Na" ni aliyepata uraia, "Pa" ni aliyeanza maombi, na "Al" ni mgeni. Usidhani kuwa uraia wa mume ulimfikia mke. Kabla ya 22 Septemba 1922 mke alifuata uraia wa mumewe. Baada ya tarehe hiyo alipaswa kuomba mwenyewe, na wengi hawakuomba. Waliokuwa wageni mwaka 1940 walijaza pia fomu ya usajili AR-2, inayopatikana kupitia huduma ya nasaba ya idara ya uraia na uhamiaji, USCIS. Maombi ya uraia yaliyofanywa baada ya Septemba 1906 yanafaa sana, kwani hutaja mahali pa kuzaliwa, jina la meli na tarehe ya kufika. Ya kabla ya hapo mara nyingi huwa mafupi na hayataji kijiji.

Meli na kijiji

Si kweli kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, walibadilisha majina ya watu. Orodha za abiria ziliandikwa na kampuni za meli kwenye bandari za Napoli, Palermo au Genova, na wakaguzi walihakiki tu. Jina lilibadilika baadaye, shuleni, kazini au kwa hiari. Kwa hiyo kwenye orodha tafuta Calogero, si Charles. Vincenzo, si James. Wanawake walioolewa watafute kwa ukoo wa baba zao. Kuanzia 1907 orodha huwa na kurasa mbili, na inataja ndugu wa karibu aliyebaki Italia. Watu husoma ukurasa wa kwanza wakasahau kufunua wa pili.

Ndugu wakisema "tulitoka Napoli", chukulia kuwa ni bandari au mkoa mpaka uthibitishe. Bila jina la comune yenyewe (mji au kijiji chenye ofisi yake ya kumbukumbu) huwezi kusonga mbele. Ukilipata, fungua tovuti ya Antenati, ambako hifadhi za nyaraka za taifa za Italia zimeweka bure picha za vitabu vya vizazi, ndoa na vifo. Kusini mwa Italia bara vitabu vya kiserikali vilianza 1809 katika sehemu nyingi, Sicilia 1820, na kwa Italia iliyoungana 1866. Veneto ilichelewa hadi 1871.

Anza na faharasa ya mwaka, mara nyingi iko mwishoni mwa kitabu. Tarehe zimeandikwa kwa maneno. Jina la baba likitanguliwa na "di", yu hai. Likitanguliwa na "fu", ameshafariki, na hapo umepata ukomo wa tarehe ya kifo chake bila kukitafuta. Jihadhari na desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu wa upande wa baba: ndugu wanne huzaa wajukuu wanne wenye jina na ukoo mmoja, kijiji kimoja, miaka ileile. Usimkubali mtu yeyote mpaka jina la mama yake pia lilingane.

Vitu vyake na kaburi lake

Piga skani picha kwa dpi 600 katika faili la TIFF, mbele na nyuma. Kwa barua dpi 400 zinatosha. Ondoa pini zenye kutu, usitumie utepe wa gundi, na usipitishe chochote kwenye plastiki ya moto, maana hakirudi tena. Sare ya sufu ilazwe ndani ya boksi lisilo na asidi, mikunjo ikijazwa karatasi laini. Ikaguliwe nondo kabla ya kuwekwa.

Bendera ya mazishi ni futi 5 kwa 9.5, hutolewa moja tu na haibadilishwi ikipotea, wala haikutengenezwa kupeperushwa nje. Kaburi lisilo na alama huombewa jiwe kwa fomu 40-1330 ya VA, idara ya maveterani; katika makaburi binafsi jiwe ni bure, lakini gharama ya kulisimika ni ya familia. Kaburi ambalo tayari lina jiwe la familia huombewa medali ya kubandikwa, kwa fomu 40-1330M. Cheti cha kumbukumbu chenye sahihi ya rais huombwa kwa fomu 40-0247, na unaweza kuomba nakala zaidi ya moja ili kila tawi la familia lipate yake.

Barua na picha zenyewe, kama ni 10 au zaidi na ni za asili, zinaweza kupokelewa na Veterans History Project, mradi wa historia ya maveterani wa Library of Congress (maktaba ya bunge la Marekani), hata kama babu hakuwahi kuhojiwa. Kumbukumbu au shajara aliyoiandika mwenyewe iwe na kurasa 20 au zaidi. Mradi huo hautunzi nakala, hivyo hakikisheni kwanza ndugu wote wamekubaliana kuachana na karatasi za asili, na skani zenu zimekamilika na kuhifadhiwa katika nyumba zaidi ya moja.