SOMO: Jinsi ya kupanga jioni ya kuonja Porto za vinteji huku kwetu Mbeya

Wakuu salama? Wengi mmekuwa mnauliza ile jioni ya kuonja Porto inapangwaje mpaka ieleweke, maana kupanga chupa mezani na kunywa kila mtu anaweza, ila mkiamka kesho yake hakuna anayekumbuka ipi ilikuwa ipi. Naandika kwa ajili ya sisi wa huku juu, Mbeya mjini, Tukuyu, Makambako, Njombe, Iringa, kwa sababu maelezo mengi yanadhani una duka la mvinyo mtaa wa pili. Huna. Maswali yaliyoletwa na wanachama nimeyaweka chini.

Kwa wageni kidogo. Porto ni mvinyo mtamu unaotoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, eneo lililowekewa mipaka rasmi tangu 1756. Juisi ya zabibu inachachuka siku mbili tatu, sukari ikiwa imebaki kama nusu wanamimina pombe kali ya zabibu ya asilimia 77, chachu inakufa, utamu unabaki na kilevi kinapanda hadi kwenye asilimia 20. Ile ya vinteji ni ya mavuno ya mwaka mmoja tu. Kampuni inayoitengeneza, ambayo kwenye Porto tunaiita nyumba, ikiona mwaka umekaa vizuri inautangaza, taasisi ya mvinyo kule Ureno inayoitwa IVDP inaionja na kuipitisha, afu inaingia kwenye chupa kati ya mwaka wa pili na wa tatu baada ya mavuno bila kuchujwa. Ndo maana inaendelea kukua humo ndani miaka 20, 30, hata 50, na ndo maana chini ina machicha. Hayo machicha yatatusumbua sana huko mbele.

HATUA YA 1: Tafuta swali kwanza, chupa baadaye

Hapa ndo watu wanapokosea kuliko sehemu zote. Wanakusanya chupa zozote zilizopatikana, moja ya 1985, nyingine LBV ya juzi (nayo ya mwaka mmoja, ila imechelewa kuingia kwenye chupa), nyingine Tawny (ile iliyokomaa kwenye pipa), afu wanasema leo ni usiku wa Porto. Sawa, mtafurahi, ila hamtajua kama tofauti mnayoisikia ni ya mwaka, ya nyumba, ya umri au ya namna ilivyotunzwa. Kwangu mada ni swali moja, na kwenye meza kitu kimoja tu ndo kinabadilika, vingine vyote vinabaki palepale.

Ukitaka kujua mkono wa mtengenezaji, chukua mwaka mmoja na nyumba tofauti. 2011 unafaa sana kwa sababu karibu nyumba zote kubwa ziliutangaza, unaweka Taylor's, Graham's, Dow's na Fonseca, na mtashangaa Dow's inavyokuwa kavukavu na Graham's inavyomwaga utamu wakati zote ni za bonde moja na jua moja. Ukitaka kujua mwaka, geuza, nyumba moja miaka tofauti, mfano Graham's za 1994, 2000, 2003 na 2007, na hiyo 2003 iangalieni vizuri maana Ulaya mwaka ule joto lilikuwa la kutisha.

Mada ninayoipenda mimi ni pipa au chupa. Unatafuta vinteji na Colheita za mwaka uleule. Colheita nayo ni ya mavuno ya mwaka mmoja ila imekaa kwenye pipa la mbao si chini ya miaka 7, mara nyingi zaidi, Kopke na Niepoort wanazo. Mwaka ni mmoja, bonde ni moja, ila moja imelala kwenye giza la chupa na nyingine imekuwa inapumua kwenye mbao. Zikikaa mezani pamoja, moja nyekundu nzito na nyingine rangi ya chai ya rangi, hata yule aliyekuja kwa ajili ya nyama anaanza kuuliza maswali.

Mkiona hela haitoshi, na kiukweli haitoshi, kuna Porto za shamba moja. Miaka ambayo nyumba haijatangaza kwa jina lake kuu huwa inatoa vinteji ya shamba lake bora: Taylor's wanatoa Quinta de Vargellas, Graham's wanatoa Quinta dos Malvedos, Dow's wanatoa Quinta do Bomfim. Bei iko chini na zinawahi kunyweka. Kwa kikundi kinachoanza ningeenda huko moja kwa moja, habari ya zile kongwe za 1963 waachieni wenye nazo.

HATUA YA 2: Watu na mchango

Watu 10, chupa 5, basi. Chupa ni sentilita 75, ukitoa machicha unabaki na kama 70, kwa hiyo kila mtu anapata mililita 50 na kitu na inabaki akiba ya kurudia. Mililita 50 mara chupa 5 ni robo lita ya kitu cha asilimia 20, kilevi chake ni sawa na bia mbili za nusu lita, na hiyo ni kabla hamjaanza kurudia. Funguo za gari zikae nyumbani, piga bodaboda au lala hapohapo.

Mchango unaingia kabla chupa haijanunuliwa. Sio "nitakuja nao".

HATUA YA 3: Safari ya chupa

Porto nzuri mara nyingi utaipata Dar kwenye maduka ya mvinyo, au kwa ndugu anayepita viwanja vya ndege vya nje. Sasa kutoka Dar mpaka Mbeya ni siku nzima barabarani na vitu viwili vinaiua chupa yako njiani, joto na mitikisiko. Usiiweke buti la basi. Kule chini kunachemka kuanzia Chalinze mpaka umalize Mikumi, kizibo kinasukumwa juu, na ukifika unakuta lebo imelowa. Ifunge kwenye nguo nzito, weka kwenye begi, begi likae na wewe juu. Kitonga yenyewe huwezi kuikwepa, zile kona na tuta kwa tuta zitachafua kila kitu kilichokuwa kimetulia humo ndani toka Ureno, kwa hiyo hesabu kwamba chupa imefika ikiwa imevurugika, hata kama kwa macho iko safi.

Dawa ni muda. Ikifika isimamishe wima chumba chenye giza, iache wiki mbili, usiiguse guse kuwaonyesha wageni. Watu wanaogopa kizibo kitakauka, kwa wiki mbili hakikauki. Mwenye haraka anywe Tawny, ile machicha iliyaacha kwenye pipa. Chupa ambazo hamnywi mwaka huu ndo zinalazwa, na kwenye chupa za zamani ukikuta doa la rangi nyeupe ubavuni hujauziwa uchafu, ni alama ya upande uliokuwa juu wakati imelala, endelea kuilaza hivohivo.

HATUA YA 4: Chumba na glasi

Vinteji inataka nyuzi 16 mpaka 18. Dar wanapambana na joto, sisi Juni na Julai tunapambana na kinyume chake, sebule ya Uyole au Forest saa mbili usiku inaweza kuwa chini ya hapo na Porto ikiwa baridi inajifunga, harufu hupati, unabaki na utamu na ukali tu. Ilete sebuleni mapema mchana, mkaa uwake kupasha chumba lakini chupa ikae mbali na jiko, na dirisha liwe wazi kidogo maana moshi wa mkaa unaua harufu na unaua watu pia. Tawny na Colheita ziache kwenye ubaridi, nyuzi 12 hadi 14 zinawatosha.

Glasi 50 hakuna mwenye nazo, kodi kwa wale wa vyombo vya harusi, za mvinyo mweupe zile ndogo, zote saizi moja. Zisuuze na maji ya moto bila sabuni halafu zinuse tupu. Harufu ya kabati ukiisikia kwenye glasi tupu utaisikia kwenye Porto. Marashi na udi siku hiyo hapana, tangazeni mapema ili mtu asione ameonewa.

HATUA YA 5: Kufungua na kumimina

Chupa ya miaka 20 hivi ifungue masaa mawili au matatu kabla ya kuonja. Changa za 2011 au 2016 fungua asubuhi kabisa, zinahitaji hewa. Kongwe za 1970 kurudi nyuma zisikae hata saa nzima, zinachoka.

Unahitaji jagi la glasi safi, mshumaa au tochi ya simu, na mkono usiotetemeka. Weka mwanga chini ya shingo ya chupa, inamisha polepole, mimina mfululizo bila kurudi nyuma, kwa sababu ukisimama na kuanza tena machicha yanapanda. Jicho liko shingoni. Mwanzoni utaona kitu chekundu kinachong'aa kinapita, mwishoni utaona kama uzi wa moshi unaanza kuingia, hapo acha palepale. Kinachobaki ni vidole viwili vya tope. Usikionee huruma, ila mama wa nyumbani kwangu hukichuja na kuweka kwenye rosti ya ng'ombe na siwezi kumkataza.

Afu suuza ile chupa na maji safi yasiyo na harufu ya dawa, irudishie Porto yake, ivalishe gazeti, andika namba. Mtu mmoja tu ndo anajua namba ipi ni ipi na huyo mtu haonji kwa sauti. Lebo zikionekana yule anayeheshimika mezani akisema namba 3 ndo kali, wote namba 3.

HATUA YA 6: Kuonja

Kongwe kwanza, changa mwisho. Wengine wanafanya kinyume, mimi naona changa ina ukakasi unaokaba ulimi na ile ya zamani ikija baadaye inaonekana maji. Zote zimiminwe kwa pamoja, dakika kumi za kimya, kila mtu anaandika rangi, harufu, mdomoni, na imekaa muda gani baada ya kumeza. Andika kwa matunda unayoyajua. Hapa kwetu nimesikia zambarau, plamsi zilizoiva mpaka zinapasuka, karafuu, pilipili manga, tumbaku, na kwenye Colheita mafyulisi makavu, korosho za kukaanga na ganda la chungwa. Hizo zina maana kuliko kunakili maneno ya matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyatia mdomoni. Weka na kopo la kutemea, hakuna aibu.

HATUA YA 7: Chakula

Jibini ngumu ya Njombe, korosho, mkate mkavu. Nyama choma ni baada ya namba kufunuliwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Iringa: Kizibo cha chupa ya miaka 30 kilikatikia ndani, kingine kikawa unga. Ndo imeharibika?
Jibu: Haijaharibika mkuu, vizibo vya zamani viko hivo. Mimina kupitia kitambaa cheupe kilichochemshwa bila sabuni, au chujio la chai lenye matundu madogo. Ila kama kizibo kilikuwa kimelowa mpaka juu na harufu ni ya siki, hapo pole.

Mwanachama wa Kyela: Huku kwetu joto la ziwa unalijua. Naweza kuhifadhi? Na kakao yetu je?
Jibu: Chupa zilete huku juu kwa ndugu, Porto inataka kulala sehemu ya nyuzi 13 hadi 15 isiyobadilikabadilika, na chumba cha Kyela hakikupi hiyo bila umeme wa uhakika. Kakao ndo mlete kabisa, chokoleti nyeusi isiyo na maziwa na vinteji changa zinaelewana sana, ila ziliwe mwisho maana zikipita ulimini hamuonji tena kitu.

Kijana wa Tunduma: Kaka, za Afrika Kusini zinakubalika? Hizo napata kirahisi.
Jibu: Zinakubalika ila kwa mada yake. Wao waliacha kutumia jina la Port kwa makubaliano na Umoja wa Ulaya, kwa hiyo tafuta lebo iliyoandikwa Cape Vintage. Za Calitzdorp zina sifa, Boplaas na De Krans wako huko. Fanyeni Douro na Calitzdorp, umri unaokaribiana, mtajua ardhi inafanya nini. Msizichanganye kwenye meza ya 2011.

Mzee mmoja wa Mufindi: Nyie watoto mnahangaika na vya Wareno, ulanzi mmeuacha?
Jibu: Shikamoo mzee wangu. Ulanzi hatujauacha, ila ule wa asubuhi ni mtamu na wa jioni umeshakuwa mkali, yaani vinteji yake inahesabiwa kwa masaa. Masika ikifika tunakuja kwako tuupange hivo, wa asubuhi, wa mchana na wa jana, ukubali tu kutupokea.

Mwanachama wa Tukuyu: Inabaki siku ngapi ikishafunguliwa?
Jibu: Vinteji siku mbili, tatu ukiwa na bahati na baridi ya kwenu. LBV iliyochujwa inafika wiki. Tawny wiki kadhaa haina shida.

Dada wa Makambako: Nataka kuwawekea wanangu wawili, kila mmoja chupa ya mwaka aliozaliwa, tuifungue akiwa mkubwa. Wa kwanza ni wa 2012, wa pili wa 2016.
Jibu: Wa pili ana bahati dada, 2016 ulitangazwa na nyumba nyingi, na 2017 pia, kitu ambacho si cha kawaida miaka miwili kufuatana. Wa 2012 usitafute vinteji ya jina kubwa, tafuta ya shamba moja au Colheita. Colheita angalia na mwaka ilioingia kwenye chupa, umeandikwa kwenye lebo, maana yenyewe ikishatoka kwenye pipa haikui tena. Na nunua mbili kwa kila mtoto kama mfuko unaruhusu, moja kizibo kinaweza kukusaliti.