Ale ya kimea inatoka na ukungu? Jua kwanza ni ukungu gani kabla hujanunua dawa

Ukimimina ale yako ukakuta huoni hata kidole upande wa pili wa glasi, usikimbilie dukani kununua dawa ya kutakatisha bia. Dawa zile kila moja inashika kitu chake tu, ukitia ya kushika hamira wakati tatizo lako ni wanga umetupa hela na bia inabaki vile vile. Kwanza ujue kinachoelea ni nini, na kujua ni bure.

Toa chupa kwenye friji, mimina glasi moja bila kuchokoza mashapo ya chini, iangalie vizuri halafu iache mezani mpaka baridi iishe, ifike nyuzi 20 hivi. Ikitakata yenyewe, huo ni ukungu wa baridi, yaani protini ya shayiri imeshikana na tanini (ule ukakasi unaoupata kwenye chai kali), na ndo unaowasumbua wengi wanaopika kwa kimea chenyewe badala ya dondoo la kopo. Isipotakata una washukiwa watatu. Hamira inazama yenyewe, simamisha chupa kwenye friji wiki moja au mbili utaona bia inaanza kung'aa kuanzia juu kushuka chini. Wanga hauzami hata ukae miezi, dondoshea tone la iodini kwenye kijiko cha bia (hicho kijiko mwaga, usinywe) na rangi ikigeuka bluu-nyeusi basi mambo yaliharibikia kwenye mashi, yaani pale kimea kilipolowekwa kwenye maji ya moto. Halafu kuna wadudu, bakteria au hamira ya mwituni, hapo bia ina uchachu ambao hukuupanga, inafoka ukifungua, ina utando shingoni mwa chupa, na hiyo haina dawa, mwaga tu na ubadilishe mipira na ndoo za plastiki zenye mikwaruzo.

Sasa huu wa baridi. Chai ya rangi kali ukiilaza kwenye friji asubuhi unaikuta imekuwa kijivujivu, ukiipasha moto inarudi kuwa safi, na kwenye bia mchezo unafanana sana: tanini za maganda ya shayiri na za hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) zinashikana na protini kwa mshiko dhaifu unaoonekana bia ikiwa baridi na kuachia ikipata joto. Ladha haiharibiki. Ila ukiiacha bia hiyo inapanda na kushuka joto kila siku, na hewa ikiwa imeingia, mshiko unakuwa wa kudumu na hapo hata uipashe vipi haitakati tena. Kwa hiyo kazi yetu ni kupunguza tanini zinazotoka kwenye maganda, kuangusha protini mapema jikoni, na kuzamisha kinachobaki kwenye baridi kabla ya chupa.

Anza na kimea chenyewe. Ale ya kawaida ya lita 20 inakula kama kilo 4 na nusu za kimea cha msingi, na hapa Uingereza wengi tunatumia Maris Otter, shayiri iliyoko sokoni tangu miaka ya 1960 na inayopendwa kwa sababu haina protini nyingi. Ukiongeza ngano au shayiri ya kuponda ili upate povu zuri, ujue umeongeza protini na ukungu pia, chagua unachotaka. Kimea kiparazwe, kisisagwe kuwa unga: ganda libaki karibu zima na punje ndani ivunjike. Unga unaziba mchujo na maganda yaliyosagika yanamwaga tanini, ila ukiparaza kwa uvivu punje zikabaki nzima wanga hautoki na unakuja kutoka baadaye wakati vimeng'enya vya kuugeuza sukari vimeshakufa.

Mashi shikilia nyuzi 65 hadi 68 kwa saa nzima, na ukimwaga kimea koroga mpaka usikie mwiko hauna donge hata moja, maana katikati ya donge kuna unga mkavu ambao haujaona maji. Dakika ya 60 chota maji ya juu yaliyo safi, bila kipande cha ganda kwa sababu ganda linageuka jeusi lenyewe na kukudanganya, weka kwenye kisosi cheupe na tone la iodini. Ikibaki kahawia-njano endelea, ikiwa nyeusi ongeza dakika 15 upime tena. Themomita yako ihakikishe kwenye maji yanayochemka kabla ya kuiamini, ikidanganya nyuzi 5 umeshatoka nje ya kiwango. Kuna wanaokuambia ulaze mashi kwanza kwenye nyuzi 50 kwa nusu saa ili kuvunja protini, kwa kimea cha siku hizi naona ni kuua povu bure, protini ilishavunjwa kiwandani kinapooteshwa.

Jambo ambalo watu hawaligusi ni maji, na mi naona ndo kubwa kuliko dawa zote. pH ya mashi inatakiwa iwe kati ya 5.2 na 5.6. Ukiishi London au kusini mashariki ya Uingereza bombani kunatoka maji ya chokaa, kalsiamu ipo ya kutosha lakini alkali ni nyingi na inavuta pH juu, hasa ukipika ale ya rangi nyepesi ambayo haina kimea cheusi cha kuisawazisha, na pH ikiwa juu maganda yanaachia tanini kirahisi. Dawa yake ni asidi laktiki kidogo kidogo huku unapima, au uyachemshe maji siku moja kabla, yapoe, chokaa ikae chini umimine ya juu tu. Ukiwa Manchester, Wales au Scotland hali mara nyingi ni kinyume, maji laini yasiyo na kalsiamu, na kalsiamu ndo inasaidia protini kuganda na hamira kuzama, kwa hiyo tia jasi, gramu 5 kwenye lita 20 zinakupa karibu miligramu 58 kwa lita na hapo upo sawa.

Mashi ikiisha fungua bomba taratibu, kile cha kwanza kilichojaa unga kirudishe juu ya machicha kwa jagi bila kumwagia kwa nguvu, rudia mpaka kinachotoka kiwe safi. Machicha yenyewe ndo chujio lako, usiyachokoze. Maji ya kusuuzia yasizidi nyuzi 77, na graviti (kipimo cha sukari iliyomo) ya kinachotoka ikishuka hadi 1.010 funga bomba hata kama sufuria haijajaa, ongezea maji ya kawaida. Tamaa ya kukamua sukari ya mwisho ndo inaleta tanini. Wanaoloweka kimea ndani ya mfuko wanauliza kila siku kama kuukamua kunaharibu, jibu ni kwamba tanini zinatoka kwa joto na pH na sio kwa mikono yako, kukamua kunaongeza unga unga tu ambao utazama baadaye.

Kuchemsha nako kuwe kuchemsha, sio kufukuta. Saa nzima inatokota, mfuniko wazi, mpaka uone vipande vipande vya protini vinazunguka na katikati yake maji yametakata. Jiko la umeme likishindwa, pika kidogo kidogo au funika nusu.

Zikibaki dakika 10 au 15 unatia mwani. Irish moss ni mwani mwekundu, kijiko kimoja cha chai kwa lita 20 kilicholowekwa kidogo kwanza, au vile vidonge vya Whirlfloc na Protafloc, nusu hadi kimoja, soma pakiti. Kinachofanya kazi humo ni karajinani, ina chaji hasi na inakamata protini zenye chaji chanya. Na hapa watu wa Unguja wanyanyue vichwa, maana mwani unaolimwa Paje na Jambiani kibiashara tangu 1989 unapelekwa nje kutolewa karajinani hiyo hiyo. Ila usichote mwani wa shangazi kwenye gunia ukautia kwenye sufuria: uliojaa Zanzibar ni spinosum, unaotoa karajinani ya aina laini, wakati inayotakiwa hasa kwenye bia ni ya aina ya kappa inayotoka kwenye cottonii, na cottonii bahari ikipata joto sana inakufa ndo maana wakulima wengi wamebaki na spinosum. Usizidishe dozi pia, ukizidisha unapata tope jepesi chini ya ndoo linalokula lita zako za bia.

Moto ukizimwa poza haraka, koili ya shaba na maji ya bomba, ukifika chini ya nyuzi 20 ndani ya nusu saa kundi jingine la protini linaganda na kuanguka. Ukiacha sufuria ipoe yenyewe usiku kucha hilo linakupita kwa sehemu kubwa.

Hamira chagua inayozama. Nottingham na S-04 zinashuka vizuri, US-05 inachelewa kidogo lakini inafika, za bia ya ngano zimeumbwa zielee kwa hiyo usigombane nazo. Kuna pia kimeng'enya kinaitwa Clarity Ferm, kinatiwa siku moja na hamira na kinakata zile protini zinazoleta ukungu, bei yake sio mchezo ila kinafanya kazi. Iache imalize kuchacha kabisa, graviti ile ile siku tatu mfululizo, ndo uanze kufikiria baridi.

Baridi yenyewe ni nyuzi 0 hadi 2, siku tatu hadi tano. Hii inafanya kazi mbili, inazamisha hamira na inalazimisha ule ukungu wa baridi ujitokeze sasa hivi ukiwa kwenye ndoo ili uzame huko huko badala ya kukutokea kwenye glasi. Angalia kitu kimoja, ndoo ikipoa inavuta hewa kupitia kile kifaa cha kutolea gesi na inaweza kunywa na maji yake yote, funga tundu kwa kizibo safi au puto lililojaa gesi ya bia yenyewe.

Ukiona bado, ndo sasa jelatini. Nusu kijiko cha chai hadi kimoja kwa lita 20, ile isiyo na ladha wala rangi, loweka kwenye maji baridi kama mililita 150 kwa dakika 10, pasha hadi nyuzi 65 au 70 uone imeyeyuka yote, usichemshe maana itavunjika. Mimina kwenye bia ambayo tayari ni baridi, hili ndo watu wanakosea, kwenye bia ya vuguvugu hakuna ukungu wa kuukamata. Siku mbili tatu unaona tofauti. Kama wageni wako hawali nyama hii waambie, ni kitu cha mnyama. Kwenye mapipa ya pub hapa Uingereza wametumia zamani sana kitu kinaitwa isinglass, kinatoka kwenye mabondo ya samaki (vifuko vyao vya hewa), ndiyo, mabondo kama yale ya sangara yanayogombaniwa Mwanza na Kisumu kwa bei inayozidi minofu. Inazamisha hamira vizuri mno ila haitaki joto, ikikaa juu ya nyuzi 20 inaharibika.

Ale uliyoitia hopsi nyingi baada ya kuchacha itabaki na ukungu kiasi hata ufanye yote haya, tanini za hopsi hizo zimeingia baada ya jiko. Ya mtindo wa Vermont, ale ya Kimarekani ya hopsi nyingi, ndo inatakiwa iwe hivyo, na busaa nayo hakuna anayeidai ing'ae.

Kwenye kuhamisha bia kwenda chupani mpira uzame mpaka chini, isirukeruke ikanywa hewa. Usiogope kwamba umeisafisha mno haitapata gesi, hamira iliyobaki inatosha, itachukua tu siku kadhaa zaidi. Zikishapata gesi zisimamishe wima kwenye friji wiki moja, mimina kwa mkono mmoja bila kurudisha chupa nyuma, na bia ya chini yenye mashapo, kama kimo cha kidole kimoja, iache humo humo kwenye chupa.