Namna ya Kufuatilia Asili ya Neno "Khemenyu" la Misri ya Kale

Anza na konsonanti. Waandishi wa Misri ya kale hawakuandika irabu, kwa hiyo tahajia mbalimbali unazokutana nazo vitabuni ni makisio ya wataalamu juu ya shina moja tu, kh-m-n, ambalo ndilo shina la namba nane. "Khemenyu" ni "wale wanane", yaani miungu waliosadikiwa kuwapo ndani ya maji ya mwanzo kabla jua halijachomoza kwa mara ya kwanza.

Ukishalipata shina, litazame lilivyochongwa. Mara nyingi utaona vijistari vinane vifupi. Vikifuatwa na alama ya duara lenye njia panda ndani yake, kinachotajwa ni mji wa Khemenu, ambao Wagiriki waliuita Hermopolis, wala si miungu wenyewe. Usiiruke hatua hii, maana hapa ndipo mji na wenyeji wake wa mbinguni huchanganywa.

Irabu zitafute katika Kikopti, hatua ya mwisho ya lugha ya Kimisri, kilichoandikwa kwa herufi za Kigiriki na chache za nyongeza. Humo nane ni "shmoun". Sauti "kh" imegeuka "sh", kama ilivyogeuka katika kitenzi "kheper", kuwa, kilichokuja kutamkwa "shope". Jina la mji lilifuata njia hiyohiyo, na Waarabu wakalirithi: al-Ashmunayn ungali unaitwa hivyo mkoani Minya.

Kisha linganisha na lugha za jamaa. Wanaisimu huhusisha shina hili na "thamaniya" ya Kiarabu, ambayo jamii yake tunayo katika "themanini" na "thumni". Lakini maneno hayo yametufikia kupitia Kiarabu, hayakutoka Misri ya mafarao.

Mwisho chambua majina yenyewe, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu zaidi. Nun, Heh na Kek, yaani maji, kutokuwa na mwisho na giza, kila mmoja ana mwenzake wa kike anayetambulika kwa "t" ya mwishoni: Naunet, Hauhet, Kauket. Wanaume walichorwa na vichwa vya vyura, wanawake na vya nyoka. Jozi ya nne kwa kawaida ni Amun, "aliyefichika", na Amaunet, ila hubadilika katika baadhi ya orodha. Basi soma zaidi ya maandishi ya hekalu moja kabla ya kuamua wanane wako ni akina nani.