Soma kalenda ya tenisi kabla ya kusuka mkeka wa kubashiri

Tenisi ya kulipwa haina ligi moja yenye msimamo kama soka. Wachezaji huzunguka dunia karibu miezi 11, na kinachobadilika zaidi njiani ni uwanja. Januari hadi Machi ni viwanja vigumu: Australian Open, kisha Indian Wells na Miami za Marekani. Aprili wanaingia kwenye udongo wa Ulaya hadi Roland Garros ya Paris, inayoisha Juni. Nyasi zina wiki 3 tu kabla ya Wimbledon. Baada ya hapo ni viwanja vigumu tena: Amerika Kaskazini hadi US Open, halafu Asia, na kumalizia ndani ya kumbi za Ulaya.

Kwa hiyo, ukifungua rekodi ya mchezaji, chuja kwanza kwa aina ya uwanja. Ushindi wa kwenye udongo hausemi mengi kuhusu nyasi, ambako mpira hauinuki sana. Hata udongo wenyewe si mmoja. Madrid iko kama mita 650 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unakimbia. Anayeanzisha mpira kwa nguvu akang'ara pale anaweza kutolewa mapema Roma, mashindano yanayofuata mara moja.

Nafasi ya mchezaji duniani nayo isikudanganye. Bingwa wa Grand Slam, yaani Australian Open, Roland Garros, Wimbledon au US Open, hupata pointi 2,000, ngazi zinazofuata 1,000, 500 na 250, na kila pointi hufutika baada ya wiki 52. Aliyetwaa taji mwaka jana akitolewa mapema mwaka huu, anaporomoka hata kama kiwango chake hakijashuka sana.

Wiki ya mwisho kabla ya Grand Slam ndiyo inayochana mikeka mingi. Nyota anayecheza mashindano ya ngazi ya 250 wiki hiyo huyachukulia kama mazoezi; msuli ukivuta kidogo, anajitoa. Soma sheria za kampuni yako ya kubashiri mapema: baadhi hurudisha dau mechi isipoisha, nyingine hulipa mradi seti ya kwanza imekamilika.

Kwa saa za Afrika Mashariki, Australian Open ya Melbourne huanza saa tisa usiku, mechi za usiku za US Open, New York, saa nane usiku, na Centre Court, uwanja mkuu wa Wimbledon, saa tisa na nusu alasiri. Ratiba hutoka jioni ya kuamkia mechi, ila mara nyingi ni mechi ya kwanza tu yenye saa ya uhakika. Zinazofuata husubiri iliyotangulia iishe.